Isale la Ndewirwa

Jumatatu, 7 Septemba 1908

Kosa la watu wengi wanapoifikiria kazi yangu ni kudhani kwamba waongo ndio wanaomsumbua hakimu. Hawanisumbui. Mwongo mwache aseme mara ya tatu, atajikanyaga mwenyewe. Anayenisumbua ni mtu anayekubali upesi.

Baraza dogo asubuhi, kama kila Jumatatu. Mbuzi amekula migomba michanga ya jirani. Mke karudi kwao, mume anataka ng'ombe aliowatoa warudi. Mzee mmoja wa Levolosi alikuja kushtaki kwamba vijana hawamwamkii. Nilimsikiliza mpaka akachoka, akaondoka ameridhika. Hiyo nayo ni hukumu.

Baridi. Mlima haujaonekana wiki nzima. Mwana Hawa, mke wangu, amejifunga kanga tatu na juu yake blanketi langu.

Alasiri jumbe wa Nduruma alileta mtu amefungwa kamba. Mmeru, mtu mzima, mvi zimeanza. Jina lake Ndewirwa. Nyumba ya jirani yake, Mwarusha aitwaye Lomayani, imeungua. Moto si shauri langu. Ni la baraza kubwa, na huko anayeamua ni Bwana Mkubwa wa boma. Mimi hukaa kushoto kwake na kumweleza desturi za watu. Kesho, basi.

Yule mtu hakuomba maji. Hakuomba kufunguliwa. Niliona hilo, sikulifikiria.

Jumanne, 8 Septemba

Niandike kwa mpangilio, maana shauri hili halijanikaa vizuri.

Jumbe alieleza. Ndewirwa na Lomayani wanatumia mfereji mmoja kutoka mto Nduruma. Kiangazi hiki maji hayatoshi, wakagombana juu ya zamu. Ndewirwa akasema mbele ya watu, "Maji haya unayoninyima, kuna siku utayatafuta usiyaone." Siku chache baadaye nyumba ya Lomayani ikaungua, na ndama wawili ndani. Watu wakakimbilia mferejini. Mfereji mkavu. Kesho yake Ndewirwa akaenda kwa Lomayani ameshika jani la isale.

Bwana Mkubwa akanigeukia. Isale ni nini?

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, tena nilifurahi kuulizwa. Nikasema ni mmea wa majani marefu, Wameru huupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyemkosea mwenzake hulifunga jani fundo, humpelekea kwa mikono miwili, na mwenzake hawezi kukataa kusamehe bila kujitafutia balaa. Nikalinganisha na Waarusha, ambao hushika nyasi mbichi wakitaka amani. Bwana Mkubwa aliandika yote. Anapenda desturi.

"Kwa hiyo anayepeleka jani ni aliyekosa?"

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Ni aliyekosa."

Kisha mshtakiwa akaulizwa kama ndiye aliyeunguza nyumba. Mkalimani wetu ni Farjala, askari wa zamani, anayeona maneno ni mzigo na lazima upunguzwe njiani. Ndewirwa alijibu kwa kirefu, taratibu, akiitazama mikono yake. Farjala akatafsiri, "Amekubali."

Ndipo Lomayani akaitwa ndani, akaulizwa jambo moja tu. Uliletewa jani? Nililetewa, nikalipokea, alisema. Akaambiwa atoke.

Hamsa ishirini za kiboko, na miezi sita mnyororoni, kwenye kazi ya barabara. Shauri lilikwisha kahawa ya Bwana Mkubwa ingali na moshi.

Jumatano, 9 Septemba

Amepigwa asubuhi uwanjani. Mtu wa baraza hutakiwa awepo. Nilikuwepo.

Hakulia. Kila kiboko kilipotua alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubaliana na anayoambiwa. Nimeona watu wengi wakipigwa viboko ishirini na tano. Hilo sijaliona.

Alhamisi, 10 Septemba

Bwana Mkubwa ameniita. Ameandika Dar es Salaam kunipendekeza niwe liwali wa Tanga. Maana yake nitaamua mashauri ya mji mzima, na kwenye kiti changu mwenyewe, si kushoto kwa mtu. Amesema maelezo yangu ya juzi ndiyo yaliyomwondolea wasiwasi.

Tanga ndiko nilikoanza. Nilifundisha watoto kusoma, nikawa karani wa akida, nikawa akida mwenyewe, kisha nikaletwa huku wakati kuta za boma hazijafika kiunoni. Waliniambia ni kwa muda. Watu wa mlimani huniita Mwalimu mpaka leo, hata ninaowafunga.

Nilipomwambia Mwana Hawa alikaa chini kabisa.

"Tanga," alisema. "Nitaingia baharini na nguo zangu zote, watu waseme watakavyo."

Sijamwambia habari ya kile kichwa kilichokuwa kinatikisika.

Ijumaa, 11 Septemba

Baada ya sala nilikwenda wanakofanya kazi wafungwa, karibu na madaraja mawili. Nilimchukua Farjala. Nikamwambia leo ataleta kila neno, hata la kijinga.

"Yote, Mwalimu?"

"Yote."

"Basi tukae chini kwanza."

Sikumuuliza Ndewirwa kama ameunguza nyumba. Nilimuuliza siku ile alikuwa wapi. Akasema kwa shemeji yake, ng'ambo ya mto, wanachuja pombe ya ndizi. Moshi aliuona kutoka huko. Watu wa huko wote walimwona.

Nani aliunguza nyumba, basi?

"Mimi."

Kwa moto gani?

Alinitazama kama unavyomtazama mgonjwa. "Kwa mdomo, Mwalimu. Nilisema neno baya juu ya maji. Mtu wa umri wangu hasemi neno kama lile. Neno likaenda. Nilipoona moshi nikajua ni langu."

Na Jumanne ulisema nini barazani?

"Hayo hayo."

Farjala alikuna shingo. "Lakini mwisho wake si alikubali, Mwalimu?"

Alikubali. Ndiyo shida yenyewe. Nijieleze mwenyewe hapa, polepole. Kwa watu wa mlima huu, neno la hasira la mtu mzima, hasa likitajwa pamoja na maji, ni tendo. Hutoka, hufanya kazi, na aliyelisema huwajibika kama aliyetupa mkuki. Sheria ya boma haijui neno. Inauliza mkono uliofanya. Tulimuuliza juu ya mkono, akajibu juu ya mdomo, nasi tukampiga mgongo.

Jumapili, 13 Septemba

Sikwenda popote jana wala leo. Mwana Hawa ameanza kufunga vyungu vyake kwa majani makavu ya migomba, kwa safari. Anaimba.

Naogopa. Nikilifufua shauri hili naipoteza Tanga. Naogopa hilo kuliko ninavyomhurumia yule mtu. Ni jambo baya na ni kweli.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimeahirisha baraza dogo, mara ya kwanza tangu nije. Nimepanda punda wa boma mpaka Nduruma, Farjala nyuma yangu akilaani viatu vyake.

Lomayani anajenga upya. Fito zimesimama, bado hajaezeka. Mtu mrefu, sauti ndogo. Alinipa kigoda na maziwa. Mke wake, Nasinyari, alikuwa anafukiza vibuyu, na hapa lazima nieleze, kwa sababu kila kitu kiko hapa. Waarusha hawaoshi vibuyu vya maziwa kwa maji. Huchukua kijinga cha mzeituni wa mwituni, hukiingiza ndani ya kibuyu kikiwa kinawaka, hukisugua huku na huku, kisha hukung'uta makaa nje. Maziwa hukaa bila kuharibika, na huwa na harufu ya moshi ambayo nimeizoea hata naitafuta.

Nikamuuliza moto ulianzaje.

"Kaa liliruka," alisema, bila kuacha kusugua. "Upepo ukalitia kwenye nyasi za paa, pale chini. Nilipigapiga kwa ngozi. Halikuzimika."

"Uliliona mwenyewe?"

"Nililikung'uta mwenyewe, nisilione?"

"Mbona hukuja bomani ukasema?"

"Aliyeniita nani? Nyinyi mnajua kuuliza, lakini mnawauliza wanaume. Siku ile wanaume walikuwa malishoni."

Farjala alitafsiri hilo lote, tena kwa raha.

Nikamgeukia mumewe. Ulijua? Alijua. Kila mtu wa pale anajua. Lakini, akasema, mke wangu anafukiza vibuyu tangu akiwa msichana mdogo kwa mama yake. Hajaunguza hata unyasi. Kwa nini siku ile? Kwa nini na mfereji uwe mkavu? "Ni neno la yule mzee. Naye alilijua, akaja na isale. Nikapokea. Tukanywa pamoja, yakaisha. Boma lilipomchukua nilidhani lina ugomvi wake mwingine naye. Boma halikosi ugomvi."

Jani lilikuwa limechomekwa kwenye mwimo mpya wa mlango. Limekauka. Fundo bado limekaza.

Nimerudi polepole. Katika shauri hili hakuna mwongo. Jumbe alisema kweli, Lomayani alisema kweli, Ndewirwa alisema kweli. Hata mimi. Aliyepeleka isale ni aliyekosa, nilisema, nikanyamaza, nikiwa nimependezwa na sauti yangu. Swali lililobaki lilikuwa moja na lilikuwa kazi yangu kuliuliza. Amekosa nini?

Jumatano, 16 Septemba

Bwana Mkubwa alinisikiliza amesimama. Ana homa tena, macho ya njano.

"Amekiri. Na maana ya jani umenipa wewe."

Nikasema nilimweleza jani, sikumweleza shauri. Kosa ni langu, si la mshtakiwa.

Si mtu mbaya. Nimekaa kushoto kwake miaka, nimemwona akiachilia watu ambao wengine wangewafunga. Lakini anatakiwa barabara ipite kabla ya mvua, na hukumu imekwishapelekwa mbele. Alikaa kitini, akajifuta uso.

"Unataka niandike Dar es Salaam kwamba nimempiga mtu aliyekuwa hajui kwamba hana hatia?"

Nikasema ndivyo ilivyokuwa.

"Na Tanga utakuwa hivihivi? Leo hivi, wiki ijayo vile?"

Nilijibu kwamba inategemea nimekosea mara ngapi. Hakucheka. Akasema nilete mashahidi Jumatatu, kisha tutaona.

Ijumaa, 18 Septemba

Nimemwambia Mwana Hawa yote. Akaenda kwenye mzigo wa vyungu, akafungua fundo, akatoa kile cha wali, akaanza kupika.

"Basi uninunulie blanketi langu mwenyewe," alisema baadaye, bila kunitazama. "Hili lako linanuka punda."

Sikula vizuri. Yeye pia.

Jumatatu, 21 Septemba

Walikuja. Nasinyari alileta kibuyu na kijinga, akafukiza mbele ya meza ya Bwana Mkubwa, akakung'uta. Kaa moja likaruka mpaka karibu na buti lake. Akasogeza mguu. Nikaona hapo ameamini.

Lakini alitaka kumuuliza mwenye nyumba mwenyewe. Nani aliunguza nyumba yako?

"Ndewirwa," akasema Lomayani.

Bwana Mkubwa alinitazama, na katika macho yale niliona nimekwisha, mimi na yule mtu pamoja. Nikaomba ruhusa niulize swali moja. Akanipa kwa mkono.

"Lomayani, aliunguza kwa mkono au kwa mdomo?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Kwa mdomo. Mkono ni wa mke wangu."

Farjala alilitafsiri lote. Hakupunguza neno. Nasinyari akaguna, "Sasa mnaelewa?"

Bwana Mkubwa alicheka, kidogo, bila furaha. Akasema atafikiri. Tutoke.

Jumanne, 22 Septemba

Hakuna habari. Baraza dogo. Mpaka wa shamba. Niliwauliza wote wawili maswali mengi mno, wakaondoka wamechoka. Nimekuwa mwoga wa majibu mafupi.

Alhamisi, 24 Septemba

Ametolewa. Kwa huruma ya serikali, ndivyo ilivyosomwa, kwa sababu ya umri wake. Si kwa sababu hana hatia. Hukumu inabaki ilivyo. Mtu ambaye hakuunguza nyumba ataendelea kuwa, bomani, mtu aliyeunguza nyumba akahurumiwa. Niliomba ifutwe. Bwana Mkubwa akasema nimepata mtu, niache maandishi.

Kwa Tanga amependekezwa mtu mwingine. Liwali, alisema, ni mtu ambaye maneno yake hayarudi nyuma. Alilisema kwa upole. Nikasema nimeelewa.

Hayo ningeyavumilia. Lililofuata ndilo lililonivunja.

Nilikwenda kwa fundi wanapokata minyororo. Nilitaka Ndewirwa asikie kutoka kwangu. Pete ya shingoni ilipotoka nikamkalisha, nikamweleza, na Farjala akatafsiri yote. Nilimweleza kaa na kijinga. Nilimweleza sheria ya boma, kwamba inapima mkono tu. Nilimweleza kwamba neno lake halikuunguza kitu, na kwamba hana hatia wala hakuwa nayo. Nilieleza vizuri kama siku ya kwanza. Nilidhani namletea zawadi.

Akagusa shingo pale pete ilipokuwa.

"Kama sikuunguza mimi," akasema, "nilipigwa kwa nini?"

Nikautazama mnyororo uliokatwa. Farjala naye aliangalia pembeni.

Sasa naelewa kile kichwa. Alikuwa akivihesabu vile viboko kuwa ni haki ya ndama wa Lomayani. Vilikuwa na maana, na maana ndiyo iliyomwezesha kusimama. Nimekuja mimi na maelezo yangu nikamnyang'anya. Mara ya kwanza nilieleza, akapigwa. Mara ya pili nimeeleza, kipigo kikawa bure.

Aliondoka bila kuaga. Anatembea ameinama, shati halimgusi mgongo.

Ijumaa, 25 Septemba

Sala. Imamu alitukumbusha kwamba Ramadhani i karibu na kwamba tuombane radhi kabla ya mwezi kuandama. Watu wakapeana mikono. Nilipewa mikono mingi. Wote walioniomba radhi hawajanikosea.

Jumamosi, 26 Septemba

Alfajiri. Mlima umefunguka leo, wote, mpaka juu. Jioni tutautazama mwezi.

Mwana Hawa amevirudisha vyungu mahali pake. Havijapangwa kama vilivyokuwa, amesema hivi ni vizuri zaidi. Anapika vya kuvunja jungu, harufu ya nazi walizoleta wafanyabiashara safari iliyopita imejaa ua. Jana nilimwambia ninachotaka kufanya. Nilimweleza kwamba hakimu akipeleka isale watu watasema amekubali kosa, na Bwana Mkubwa atasikia, na huenda na kushoto kwake nisikae tena.

"Si umekosa?" aliuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi unanieleza nini? Kunywa uji uende."

Kuna isale kwenye ukingo wa shamba nyuma ya nyumba yetu. Lilikuwepo kabla yetu. Miaka yote hii nimelipita nikienda barazani. Nimechuma jani moja sasa hivi, refu, lina umande. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili limekaa.

Sijui kama atapokea. Aliyepelekewa hawezi kukataa, hivyo nilisema mbele ya baraza, na labda hilo nalo nililisema upesi. Farjala simchukui. Hakuna cha kutafsiri.

Leo, kabla jua halijawa kali: nenda Nduruma, simama mlangoni kwa Ndewirwa, mpe isale kwa mikono miwili, na usieleze neno.